Hukumu Iliyoigwa Sepuka

Habari ya kifo chake niliipata Shelui, nikiwa njiani kwenda Nzega, wakati dereva wa lori letu alipokuwa akingoja injini ipoe. Lori jingine lilikuwa limetoka Singida na kusimama ng'ambo ya barabara. Utingo wake, kijana anayenifahamu tangu nilipokuwa mwalimu, alivuka akaniamkia, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema kana kwamba ananikumbusha jambo nililokwisha kulisikia: "Mwalimu, yule mzee hakimu wenu wa Unyambwa tumemzika juzi." Nilimwomba dereva anishushie mzigo wangu. Akaniuliza kama safari yangu imekufa, nikamjibu kwamba imekufa, nikakaa kando ya barabara kungoja gari la kurudi nilikotoka. Upepo wa kule mnaujua. Nilikula vumbi mpaka alasiri, na sikulijali, maana nilikuwa nikijiuliza watu watasema nini juu yake matangani, na nilikuwa tayari nimeanza kuona haya kabla ya kuwasikia.

Nilipofika, wanaume walikuwa wamekaa mikekani mbele ya tembe, na mazungumzo yalikuwa yamepamba moto. Mmoja alikuwa akisema, "Siku za mzee huyu, nani angegusa mbuzi wa mtu? Mtu akichapwa pale mnadani, hata mbwa walikuwa wananyamaza." Mwingine akakohoa kama marehemu alivyokuwa akikohoa kabla ya kutoa hukumu, na wote wakacheka, kicheko cha mapenzi kabisa, cha watu waliofiwa na mtu wao. Nilitoa pole, nikakaa, nikatazama chini. Baadaye mjane alituma niitwe nyuma ya nyumba. Nilimkuta amekaa na wanawake wenzake wawili, kanga imefunika nusu ya uso. "Umewasikia, Mwalimu?" aliniuliza. Nikamwambia, "Nimewasikia, mama." Akasema, "Alikuwa akiondoka kitini watu wakianza maneno hayo. Sasa hawezi kuondoka, wamepata nafasi." Ninayoandika leo ni yale ambayo hayakusemwa mikekani, na desturi yangu ya kutotaja majina katika safu hii naifuata leo kwa moyo mzito zaidi kuliko siku zote.

Marehemu alikuwa hakimu wa baraza letu la wenyeji kwa miaka mingi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kanzu safi na miwani ambayo Bwana Shauri mmoja, Mzungu wa bomani, alimwachia alipohamishwa. Hakula rushwa, hilo nalisema bila wasiwasi, na hata wale aliowafunga watalikubali. Alimsikiliza mlalamikaji mpaka mwisho, akamsikiliza mshitakiwa mpaka mwisho, kisha akakohoa, akavua miwani, akasema maneno ambayo kila mtu wa nchi ile aliyajua: "Mwili wako utakumbuka pale kichwa chako kitakaposahau." Baada ya maneno hayo tarishi wa baraza alijua la kufanya. Kiboko kilikuwa kimetundikwa ukutani nyuma ya kiti. Sheria ilimruhusu, na wengi waliona afadhali kuchapwa na kurudi shambani kuliko kukaa jela wakati wa palizi. Kwa hiyo simwandiki kama mtu mkatili. Ningekuwa nafanya kosa lile lile la wale wa mikekani, ila kwa upande wa pili.

Alikuwa na mizinga ya nyuki, na padri mmoja Mfaransa alikuwa na mazoea ya kuja kwake kununua nta ya kutengenezea mishumaa ya kanisani. Marehemu alikuwa Mwislamu, na utani kati yao juu ya biashara hiyo haukuisha. Siku moja nilikuwepo barazani kwake, na mazungumzo yakafika kwenye wizi wa mbuzi uliokuwa umeenea mwaka ule. Marehemu alisema wizi upo kwenye damu. Zipo koo zinazozaa wezi. Padri akatikisa kichwa. Akasema huko kwao aliwahi kuwapo hakimu, naye sasa amekwisha kufa, aliyekaa miaka mingi katika korti ya mji mdogo akisikiliza mashauri kama haya ya mbuzi na kuku. Wasomi wa wakati wake walikuwa wakipima mafuvu ya wafungwa wakitafuta alama ya wizi kwenye mfupa. Yeye akawakatalia. Alisema watu huiga. Mtu huvaa kama alivyoona wengine wakivaa, husali kama alivyoona, na akija kuiba au kumwaga damu, hata hilo hulifanya kwa namna aliyoona au kusikia kwa wengine. Tena, padri akasema, kuiga huko huteremka kama maji: kutoka mjini kwenda kijijini, kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo, na kadiri watu wanavyokaa karibu karibu ndivyo kunavyokwenda haraka.

Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga goti lake kwa kiganja. "Basi vizuri sana, padri. Kama watu huiga wanachokiona, mimi nimekuwa nikiwaficha kitu kizuri. Wezi nawachapia nyuma ya nyumba, nani anawaona? Nitawachapia mbele ya watu." Padri akasema polepole, "Sijui kama ndivyo alivyomaanisha yule mtu." Marehemu akacheka. "Wewe umeniletea maneno, mimi nakuuzia nta. Sikuulizi unasali vipi na mishumaa yako. Na wewe usiniulize nafanya nini na maneno yako." Tukacheka wote watatu. Padri alifunga nta yake kwenye baiskeli akaenda zake, na haukupita muda mrefu akahamishiwa kwingine, sikumwona tena.

Kuanzia hapo viboko vikahamia uwanjani, siku ya mnada, pale ambapo watu wa vijiji vyote hukutana. Kiti cha hakimu kilitolewa nje, meza ikatolewa, na hukumu ikasomwa kwa sauti. Sitasema kama wizi ulipungua au haukupungua, kwa sababu hakuna aliyepima, ingawa wote tulisema umepungua. Nililoliona kwa macho yangu ni jingine. Watu walianza kukohoa kabla ya kusema jambo la maana. Mume aliyegombana na mkewe alikuwa akisema, "Leta kiti nje." Wachuuzi wa vitunguu, wakigombania nafasi ya kupanga mafungu yao, walitishana kwa yale maneno ya mwili na kichwa, na waliowazunguka wakacheka. Hata marehemu mwenyewe alipoelezwa alifurahi. Aliniambia siku moja tukitoka mnadani, "Umeona, Mwalimu? Wananiiga. Yule Mfaransa hakudanganya." Alisema hivyo huku akitembea kwa maringo kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Sepuka kulikuwa na mtu mwenye ng'ombe wengi, mkarimu, aliyeheshimiwa na jirani zake kwa sababu wakati wa njaa alifungua ghala lake. Alikuwa na mchungaji, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyemchungia kwa muda mrefu bila maneno. Siku moja mtamba mmoja hakurudi zizini. Mchungaji alisema amepotelea vichakani. Mwenye ng'ombe akaambiwa na wambeya kwamba ameuzwa. Zamani angemfukuza kazi, au angemtukana na kumsamehe. Safari hii alifanya kama alivyoona mnadani. Aliita majirani. Alitoa kiti na meza uani. Alisikiliza mashahidi mmoja mmoja, akamuuliza mchungaji kama ana la kusema, naye akasema analo, akalisema, akasikilizwa mpaka mwisho. Yule bwana hakuwa mtu wa kuvaa miwani, lakini siku hiyo aliazima miwani ya ndugu yake, akaivaa tangu mwanzo wa shauri, ili wakati wa hukumu ukifika apate kuivua. Akakohoa. Akayasema maneno. Majirani wawili wakamshika mchungaji miguu na mikono. Katikati ya mapigo mchungaji aligeuza uso, na ncha ya kiboko ikampata jichoni.

Yule mtamba alirudi mwenyewe, amechubuka mbavu lakini mzima. Jicho halikurudi. Dresa wa zahanati alifanya aliloweza, na vidonda vya mgongoni vilichukua muda mrefu kukauka, na bega moja likabaki zito. Mke wake alimpandisha juu ya punda akamleta barazani kwetu, mwendo wa kutwa na zaidi, akimshika asianguke.

Nilikuwepo siku ya shauri, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kuzungumza na wazee juu ya kiwanja cha shule. Watu walikuwa wengi. Mwenye ng'ombe alisimama mbele, amevaa vizuri, haoneshi hofu hata kidogo. Marehemu akamuuliza, "Ulimpiga mtu huyu?"

"Nilimhukumu, Mzee."

"Nani alikupa uwezo wa kuhukumu?"

Yule bwana alionekana kushangaa. "Nilifanya kama unavyofanya wewe. Sikumvamia kwa hasira. Niliweka kiti, nikaita mashahidi, nikampa nafasi ya kusema. Mzee, mimi nchi hii sina mtu ninayemheshimu kuliko wewe. Kama nimekosea mahali, nioneshe."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli. Ingekuwa rahisi kumkasirikia. Watu nyuma yangu walikuwa wakiitikia kwa vichwa. Marehemu aliuliza, kwa sauti ambayo sasa ilikuwa imeshuka, "Kabla ya kumpiga ulisema nini?" Yule bwana akakohoa, akayasema yale maneno kwa sauti ya marehemu, na ilifanana sana hata baadhi ya watu wakaangua kicheko. Mchungaji, aliyekuwa amekaa chini kwa sababu hakuweza kusimama muda mrefu, alijikunja aliposikia. Marehemu alimwona akijikunja. Mkono wake ulikuwa umekwisha kushika miwani. Akauacha hapo hapo usoni, hakuivua, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama ataendelea.

Watu walianza kupiga kelele, "Viboko! Naye achapwe!" Kwao hilo ndilo lingekuwa haki. Marehemu alimgeukia mke wa mchungaji akamuuliza anataka nini. Mwanamke yule alisema, "Shikamoo, Mzee. Mimi sitaki achapwe. Sitaki kuusikia mlio ule tena. Nataka ng'ombe wa kutulisha, maana huyu hawezi tena kuchunga." Baraza likaamua alipwe ng'ombe, na shauri la jicho, kwa kuwa lilizidi uwezo wa baraza, likapelekwa bomani kwa Bwana Diisii, Mzungu mkuu wa wilaya.

Huko bomani ndiko lilikotokea jambo ambalo nchi yetu imelizika pamoja na marehemu. Mwenye ng'ombe alijitetea kwa kilugha chetu, kwa maneno yale yale: kwamba aliiga aliyoyaona kwa hakimu wa baraza. Mkalimani alikuwa mtu wa kwetu, na alimheshimu marehemu. Akatafsiri utetezi wote, ila sehemu hiyo akairuka. Kila aliyejua Kiingereza kidogo alielewa, na kila aliyeelewa alishusha pumzi kwa shukrani, mimi nikiwa mmoja wao. Marehemu, aliyeitwa kama shahidi, hakujua Kiingereza, lakini alikuwa amekaa korti za Wazungu miaka mingi na alijua urefu wa maneno, akaona tafsiri imepungua. Alisimama bila kuitwa. "Bwana," alisema, na Bwana Diisii alikijua Kiswahili vizuri tu, "kuna neno halikutafsiriwa. Mshitakiwa amesema aliiga kwangu. Ni kweli. Kiti ni changu, maneno ni yangu, kukohoa ni kwangu. Alichokosa ni kibali chako tu, mimi ninacho. Lakini jicho lile lilitolewa kwa mkono nilioufundisha mimi. Naomba liandikwe."

Bwana Diisii alimtazama, akamtazama mkalimani, akasema jambo hilo halihusiani na shauri, akamwambia akae. Mwenye ng'ombe akafungwa. Baadaye, tulivyosimuliwa, Bwana Diisii alimwita marehemu ofisini akamwambia kwa upole kwamba amejivunjia heshima bila sababu, na kwamba mtu mwenye cheo asijiweke pamoja na wahalifu. Nadhani alimaanisha wema. Marehemu alitoka mle ndani akiwa na uso ambao sijausahau. Alikuwa amekwenda kulipia, akakataliwa hata kuweka alichobeba mezani.

Lakini Bwana Diisii alikuwa mgeni, na ningeweza kumwelewa. Aibu yangu yenyewe ni juu yetu sisi. Tulipotoka nje hakuna aliyemwendea. Mkalimani alipita mbele yake bila kumwamkia, yeye ambaye alikuwa kama mwanawe. Njiani wazee walisema, "Ametuaibisha mbele ya Mzungu." Siku zilizofuata nililisikia neno hilo mnadani, msikitini, kwenye ngazi za kanisa, kisimani. Hatukuona aibu siku mtu alipolazwa mbele ya uwanja uliojaa wanawake na wakwe zake. Hatukuona aibu juu ya jicho. Aibu tuliiona pale mmoja wetu aliposimama akasema ukweli mahali ambapo mwenye nchi angesikia. Marehemu aliendelea na kiti chake kwa muda mfupi, akakitundua kile kiboko ukutani, kisha akaomba kupumzishwa. Hakuna aliyemsihi abaki. Akarudi Unyambwa kulima uwele na kuangalia mizinga yake.

Alikwenda Sepuka mara moja. Mkewe alimkataza, naye hakusikia. Alichukua asali kwenye kibuyu akaenda kwa miguu, ingawa angeweza kupata baiskeli. Mchungaji alimpokea uani, akamwamkia kama inavyopasa kumwamkia mzee, akamwekea kigoda. Marehemu kabla ya kusema akakohoa. Si kwa makusudi, kilikuwa kifua chake tu. Watoto wawili waliokuwa wakicheza na vibuyu wakakimbilia ndani, na mmoja akaanza kulia. Wanaume wale wawili walikaa wakisikiliza kilio hicho mpaka kikaisha. Kisha mchungaji akasema, "Mzee, mimi sina neno na wewe. Nilisikia ulivyosema bomani, nikashukuru. Ila nakuomba usije tena. Watoto wanaogopa." Marehemu akaacha asali, akaondoka. Nilimuuliza, miaka baadaye, kama aliomba radhi. "Sikuomba," alinijibu. "Ningemwomba, angelazimika kunipa. Yule ni mtu mwenye adabu. Ningekuwa nimemwongezea kazi nyingine."

Tulikuwa tumekaa kwake siku hiyo, tukipura uwele, na alikuwa na mazungumzo kuliko kawaida. Alirudia habari za yule hakimu wa Kifaransa. "Alisema kweli yule mtu," alisema. "Ila mimi nilisikia nusu. Nilidhani wataiga hofu ya aliyelala chini. Kumbe nani anataka kufanana na aliyelala chini?" Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Katika enzi ya Wadachi, yaani Wajerumani, alipokuwa kijana, alifagia varanda ya boma. Kila asubuhi watu waliletwa, na askari akiwapa hamsa wa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, mbele ya bwana aliyekaa kwenye kiti akinywa kahawa. Karibu naye alisimama akida aliyekuwa akiwaambia wale watu, kwa Kiswahili cha pwani, kwamba mwili utakumbuka pale kichwa kitakaposahau. "Mjomba wangu alikuwa mmoja wa waliochapwa," marehemu alisema. "Nilikuwa na ufagio mkononi. Ungedhani nilimtazama mjomba. Mwalimu, nilitazama kiti. Nilikitazama sana. Wadachi wakaondoka na vita vyao, Waingereza wakaja, mimi nikapata kiti, na kitu cha kwanza kilichotoka kinywani mwangu ni maneno ya yule akida. Sikujua hata kwamba nimeyaokota." Alipepeta uwele, na makapi yakachukuliwa na upepo. "Yule bwana wa Sepuka alijua alikoyatoa. Mimi nilidhani nimetunga."

Nayaandika haya katika siku ambazo kila penye kahawa panazungumzwa habari za kujitawala. Vijana wanasema wageni wataondoka, nami naamini wataondoka, na nitafurahi kama mtu mwingine yeyote. Lakini kila nikisikia mazungumzo hayo nawaangalia wanaozungumza jinsi wanavyokaa. Karani akipandishwa cheo leo, kesho anawaacha watu wamsubiri juani kama alivyosubirishwa yeye. Mwalimu aliyelia kwa fimbo anatafuta fimbo inayofanana na ile. Nimeona mtu aliyetukanwa na Mzungu wake asubuhi akilitumia tusi lile lile jioni kwa mpishi wake, tena kwa lafudhi ile ile. Tunaujua ubaya wa kiti kile, tumeulalamikia miaka yote, na bado macho yetu hayajatoka kitini. Siandiki hivi kuwakatisha tamaa wasomaji. Naandika kwa sababu nimemjua mtu mmoja tu aliyekaa hapo, akasikia sauti yake ikitoka kinywani mwa mwingine, akakubali kwamba ni yake.

Matanga yalipokwisha nilipita kwenye baraza la zamani la marehemu kabla ya kwenda kutafuta gari. Hakimu wa sasa ni kijana aliyesoma Tabora, mpole, mwenye bidii. Alinikaribisha kiti, tukazungumza juu ya msiba. Akaniambia kwa unyofu, "Mwalimu, mimi nimeletwa hapa nikiwa mgeni. Kila mtu ananisimulia habari za mzee yule. Nimejiwekea nia niwe kama yeye." Nilimuuliza, "Kama yeye wa kabla, au wa baada?" Hakuelewa. Akauliza, "Baada ya nini?"

Nadhani hapo ndipo nilipoona haya kuliko siku zote nilizozieleza. Miezi mingi amekaa katikati yetu akiuliza, na wazee, matarishi, waumini na majirani wamempa viboko vyote, na kukohoa kote, na maneno yote yale, bila kumwambia kwamba mwenyewe aliyakiri mbele ya korti kuwa kosa lake. Hatukumdanganya hata neno moja. Tulimkatia hadithi mahali palipotupendeza. Nikavua kofia, nikaagiza chai, nikamweleza tangu mwanzo, na alisikiliza bila kunikatisha, na nilipofika kwenye wale watoto waliokimbilia ndani aliinama akafunika uso kwa viganja.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wangu jambo moja. Mkifiwa na mkubwa wenu, msimsifu kwa yale tu yaliyowafanya mwogope au mcheke. Waelezeni vijana pia mahali alipojikwaa na alivyofanya alipojua amejikwaa, hata kama habari hiyo inawachoma ninyi mnaosimulia. Kuiga wataiga, hilo hatuwezi kulizuia, wala yule Mfaransa hakusema linaweza kuzuiwa. Tulicho nacho mikononi ni kuwaonesha mtu kamili, pamoja na siku aliyosimama bila kuitwa.